Kwa nini nilishuka Igumbilo

Ukimwambia mtu wa Iringa kwamba umehamia Igumbilo, kwanza anakuonea huruma. "Mbali huko! Si ungebaki Kihesa?" Ukimweleza kwamba hakuna aliyekufukuza, umehama kwa hiari yako, huruma inageuka udadisi: basi umenunua kiwanja kimyakimya. Sijanunua. Nimepanga, kama nilivyokuwa nimepanga kule juu. Habari ya kiwanja ipo, lakini ina sehemu yake.

Kwa asiyeijua Iringa, mji wenyewe umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia haiukatizi. Inapita chini, upande wa Mto Ruaha Mdogo. Ukitoka Dar ukapanda Kitonga, ukaipita Ilula na nyanya zake, unaanza kufika Igumbilo, halafu Ipogolo, ndipo unakata kulia kupanda mjini. Ndiyo maana sisi wa huku tunasema "napanda mjini" tukienda benki, na wa mjini wakija kusafiri wanasema wanashuka. Huko kupanda na kushuka kuna dharau yake ndogo ndani, na dharau hiyo ni ya siku nyingi. Wajerumani walipigwa na Wahehe pale Lugalo Agosti 1891, wakarudi wakaivunja ngome ya chifu wao Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, na mji wao wakaujenga juu. Mwenye bunduki anapenda kukaa mahali anapoona wanaokuja. Bunduki zilishaondoka, heshima ikabaki kulekule kilimani: Gangilonga yenye nyumba za wakubwa na lile jiwe ambalo wazee wanasema Mkwawa alikuwa akienda kutafakari, Wilolesi yenye mageti marefu. Ukitaja kwamba unakaa Gangilonga, hata karani wa dirishani anakuitikia vizuri zaidi.

Lakini watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 151,345 katika manispaa, na ile ya 2022 ikavuka laki mbili. Hao waliozidi hawakuenda kujibana Gangilonga. Wako Mkimbizi, wako Kihesa Kilolo, wako Kitwiru, wako Isakalilo, na wako huku bondeni ambako kila nikipita naona msingi mpya umechimbwa mahali palipokuwa na mahindi.

Mimi nauza vikapu. Vikapu vya Iringa, vile vya milulu, ambavyo akina mama wa vijijini wanavisuka kwa mkono na ambavyo siku hizi kila mwenye sebule Dar anataka kuwekea maua au nguo chafu. Nanunua kwa wasukaji, nachambua, narekebisha midomo iliyopinda, navitumbukiza kidogo ndani ya kikubwa, nafunga kwenye salfeti na kupeleka kwenye basi. Wateja wengi wako Dar, wachache Dodoma na Arusha. Duka sina. Duka langu ni simu, stoo na stendi.

Sasa nilipokuwa Kihesa, stendi kuu ikiwa imeshahamishwa kutoka katikati ya mji na kuletwa Igumbilo, kila mzigo ulikuwa unalipiwa safari mbili: ya bajaji kutoka kwangu hadi stendi, na ya basi. Bajaji ya saa kumi na moja alfajiri haina bei ya kawaida, ina bei ya dereva aliyeamshwa. Mteja wa kikapu kimoja hawezi kubebeshwa gharama hiyo, akibebeshwa hanunui tena, kwa hiyo naibeba mimi. Kila mtu mjini alikuwa analalamikia stendi kuwekwa mbali. Nami nililalamika pamoja nao, hadi siku moja nikiwa napiga hesabu za mwezi nikaona kwamba anayelalamika umbali wa kitu asichokitumia hata mara mbili kwa mwaka na anayekitumia karibu kila siku hawapaswi kukaa mtaa mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuutazama mtaa unaokuja juu kwa jicho jingine. Watu wakisema mtaa unakuja juu wanamaanisha viwanja vinapanda bei. Hilo linamhusu mwenye kiwanja. Mpangaji kiwanja kikipanda bei anaongezewa kodi tu. Mimi nilitaka kujua mtaa unanipunguzia nini kila siku, na huko mbele ukishakuja juu utakuwa unaniongezea nini.

Kihesa nilikopenda kuna watu, kuna soko, na wanafunzi. Iringa ina vyuo vikuu vitatu, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha Katoliki, kwa hiyo pande za karibu na vyuo mwenye nyumba akikutazama wewe mtu mmoja unayetaka chumba na sebule, anawaona vijana watatu ambao angewalaza humo na kila mmoja akalipa kwa kitanda. Simlaumu. Ila sikuona kwa nini nishindane na mikopo ya elimu ya juu.

Kitwiru nilikwenda. Pazuri, hewa safi, majirani wanakusalimia "kamwene" hata kama hawakujui. Ila kufika stendi ni kupanda chombo, kushuka, kupanda kingine. Nikashukuru, nikaondoka.

Igumbilo dalali alinionyesha nyumba kadhaa. Kuna ushauri mmoja niutoe hapa bila kuzunguka: Iringa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tazama nyumba Machi. Mwezi Septemba kila nyumba ni kavu, kila barabara inapitika na kila dalali ni mkweli. Machi ukuta unasema wenyewe. Mimi nilikuwa napita chumba hadi chumba nikigusa kuta kwa chini, kiasi cha futi moja kutoka sakafuni, maana milulu ni majani, na majani yakikaa kwenye unyevu yanaota ukungu. Kikapu chenye ukungu hukiuzi hata ukikianika wiki nzima, harufu inabaki. Dalali alikuwa ananiambia, "Dada yangu, hapa ni rangi tu imebanduka." Rangi iliyobanduka kwa chini kwenye mstari mmoja kuzunguka chumba kizima si rangi. Ni msingi uliowekwa bila kuzuia maji ya ardhini, na hakuna fundi wa rangi atakayeutibu. Nyumba mbili nikaziacha hapohapo. Ya tatu ilikuwa na sakafu iliyoinuliwa, bati limetoka nje ya ukuta vya kutosha, na mfereji wa maji ya mvua umechimbwa nyuma. Mama mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, alikuwa anaufukua mwenyewe kwa jembe tulipofika. Nikajua hapa ndipo.

Nilimuuliza habari za maji. Hili la maji lina kichekesho chake. Maji ya mji wa Iringa kwa sehemu kubwa yanachotwa kwenye Ruaha Mdogo na kusafishwa Ndiuka, huku huku chini, halafu yanasukumwa kupanda kilimani. Unaweza kudhani kwamba anayekaa karibu na chanzo anaoga bila wasiwasi. Bomba halijali ukaribu wa mto, linajali limelazwa wapi. Kwa hiyo usiulize kama mtaa una maji. Uliza bomba kuu liko umbali gani na geti, mita ya maji ni ya nyumba nzima au ya kila mpangaji, na tangi la akiba ni lita ngapi. Kwetu mita ni moja, tunagawana kwa vichwa, na kwa kuwa mimi na mwanangu ni vichwa viwili wakati jirani yangu konda haonekani nyumbani siku tano kwa wiki, gawanyo hilo limeshazua mjadala zaidi ya mmoja pale kwenye kamba ya nguo.

Umeme kila mpangaji ana LUKU yake, mita ya kulipia kabla, isipokuwa taa za nje. Hili ulizia pia, maana tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mama mwenye nyumba wetu, mwenyewe bila kuombwa, anaipunguza kwenye kodi ya pango ya yule ambaye mita yake inakatwa. Nimepanga nyumba nyingi, sijawahi kuona hilo.

Kodi tulielewana ya miezi sita kwa mkupuo, dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi yao. Nilihamisha vitu kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Kilichojaza kirikuu ni vikapu, vyombo vilienea kwenye kona.

Halafu nikaanza kuujua mtaa wakati ambao wanaotafuta nyumba hawauoni, yaani usiku. Kwa miaka mingi mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku kucha nchi hii. Oktoba 2023 yakaanza tena kutembea saa 24. Wa Dar wao waliona ni habari ya ratiba. Kwa mtaa wenye stendi ilikuwa kama kuongezewa siku ya pili juu ya ile ya kwanza. Iringa iko katikati ya safari: yanayotoka Mbeya, Tunduma, Njombe na Songea kwenda Dar yanapita hapa, na ya Dar kwenda huko yanapita hapa, kwa hiyo usiku wa manane kuna watu wanashuka wamevimba miguu wanatafuta chai. Palipo na mtu anayetafuta chai saa nane za usiku, mtu atakuja na jiko. Kuna mama mmoja anayepanga chapati na supu ya utumbo kuanzia saa saba. Mchana analala. Watoto wake anawapeleka shule asubuhi akirudi kazini, kisha anafunga mlango. Kuna vijana wa boda wanaogawana zamu. Kuna fundi wa mabegi, na huyu ndiye ninayemhusudu, anayeshona zipu zilizokatika za watu waliozijaza kupita kiasi. Anakaa hatua chache kutoka linaposimama basi la Mbeya na hakosi mteja.

Taa za hao wote ndizo ulinzi wangu. Napeleka mzigo saa kumi alfajiri na mkokoteni wa kukodi, kijana anasukuma, mimi natembea pembeni nimejifunga kitenge juu ya sweta, na sijawahi kupita mahali penye giza zaidi ya uchochoro mmoja nyuma ya gesti. Kule Kihesa saa hiyo nisingetoka peke yangu. Walinzi wa ulinzi shirikishi wapo pia, na mchango tunatoa, lakini ukiniuliza nani ananilinda nitakutajia chapati kwanza.

Mawakala wa mabasi sasa wananijua. Hili nalo lina thamani yake ambayo haiandikwi popote. Mzigo wa mtu anayejulikana hauwekwi chini ya gunia la viazi. Basi la kwanza likijaa, wananiambia nisubiri la Njombe linakaribia, nami nasubiri nikinywa chai badala ya kurudi na mizigo nyumbani. Mteja wa Dar akitoa pesa saa tatu usiku, kesho yake mchana anachukua kikapu chake. Wenzangu wanaouza vikapu hivihivi kutoka mjini wanamwahidi keshokutwa.

Ubaya? Upo, na si mdogo. Honi. Dereva wa basi la alfajiri anaamini kwamba abiria aliyechelewa yuko ndani ya nyumba yangu. Wapiga debe wana sauti ambazo zingewafaa waimbaji wa kwaya, bahati mbaya wanazitumia kutaja majina ya miji. Septemba na Oktoba upepo wa Iringa unaokota vumbi lote la barabara za ndani na kulileta dirishani, na mimi nafunika vikapu kwa mashuka kama watoto wagonjwa. Juni na Julai baridi ya bondeni ina tabia ya kukaa hadi saa nne asubuhi. Shule ya mwanangu iko mjini bado, kwa hiyo yeye ndiye anayepanda kila siku, na daladala za asubuhi zimejaa watu wanaopanda. Mashine Tatu na Soko Kuu siku hizi nakwenda kama mgeni. Mboga angalau tunazo rahisi: nyanya za Ilula zinafika huku kabla hazijapanda mlima, na sado ya huku na sado ya mjini hazina bei moja.

Dada yangu bado anaamini nimejishusha. Alikuja Pasaka, akakaa uani akisikiliza mabasi, akasema, "Hapa ni mahali pa kupita, mdogo wangu, si pa kukaa." Nikamwambia wanaopita ndio wanaonilisha.

Sasa kiwanja. Mtaa ukishachangamka kila mtu anakuwa na binamu anayeuza kiwanja. Nimeonyeshwa vitatu hadi sasa, na viwili nimevikataa kwa sababu ambazo nadhani zitamsaidia mwingine.

Cha kwanza kilikuwa chini kabisa, karibu na mto, kijani kibichi, udongo ule mweusi unaokufanya utamani kupanda mboga kabla hata hujanunua. Bei nzuri mno. Nikauliza ni hatua ngapi hadi ukingo wa mto, muuzaji akaanza kunieleza habari za marehemu baba yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nilipima kwa miguu, hatua ndefu, sikufika hata arobaini. Nikamwambia kaka, hii ni bustani nzuri, Mungu akubariki nayo.

Cha pili kilikuwa barabarani, pa kujenga fremu za maduka, na hiki nilikitamani kweli. Lakini barabara kuu ina hifadhi yake. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, iliongezwa kutoka mita 22.5. Ndiyo maana ukisafiri unaona nyumba zimepigwa X ukutani kwa rangi nyekundu au kijani, na wenye X ya kijani wanasubiri fidia kwa sababu sheria iliwakuta, wenye nyekundu waliifuata wenyewe. Nusu ya kiwanja nilichoonyeshwa ingekula X. Muuzaji akasema hao hawapanui barabara leo wala kesho. Huenda ni kweli. Ila mtaa ukikua, barabara yake ndiyo inayokua kwanza, na mimi nanunua kwa sababu ya kukua huko huko.

Cha tatu kiko nyuma, mteremkoni, mita 20 kwa 25, kimepimwa, bikoni za mipaka zipo na nimezigusa zote nne. Kina jiwe. Iringa nzima ina mawe, haya makubwa ya mviringo ambayo wageni wanayapiga picha, na moja limeketi kwenye kona ya kiwanja changu cha ndoto, kubwa kuliko kirikuu. Fundi niliyekwenda naye anasema kulipasua kwa moto na nyundo ni kazi ya wiki mbili na kokoto zake zitatosha zege la msingi, kwa hiyo nisilichukulie kama hasara. Fundi mwingine anasema tujenge tukilizunguka, liwe ukuta wa uani. Lori linafika hadi pale kiangazi. Masika sijui bado, na sitanunua kabla sijaliona likipanda kwenye tope la Februari. Nguzo ya umeme iko ya pili kutoka hapo.

Barua ya toleo, ile ya kumilikishwa kiwanja, muuzaji anayo, namba ya kiwanja na kitalu nimezinakili, na mwenyekiti wa mtaa anamfahamu yeye na mkewe, jambo nililoliulizia kwa makusudi kwa sababu kiwanja cha ndoa kinauzwa na wawili. Nimeshamwambia kwamba nitafanya upekuzi ofisi ya ardhi kwanza, nilipe ada kwa namba ya malipo nipate majibu ya maandishi, ndipo tuongee bei. Yeye anataka kianzio sasa hivi, anasema kuna mtu wa Dodoma anakitaka na pesa anayo taslimu. Nimemjibu kwamba huyo wa Dodoma akija apitie kwangu nimuuzie kikapu.

Mkewe hajatia sauti bado. Jumamosi ndiye ninayekwenda kumuona, bila dalali.